Mwongozo Kamili: Kupima Ustahimilivu wa Mtandao wa Simu wa Wingu Katika Maabara ya Nyumbani

Wahandisi wengi vijana wa Dar es Salaam wanaotaka kazi ya kupima mitandao ya simu hukwama mahali pamoja. Hujenga maabara ndogo ya 5G kwenye kompyuta, huona simu ya kuigiza imesajiliwa na ping inajibu, hupiga picha ya skrini na kuiweka kwenye wasifu wa kazi. Kwenye usaili huulizwa swali moja tu: AMF (sehemu ya kiini cha mtandao inayosajili simu) ikifa sasa hivi, mteja atakaa bila huduma kwa sekunde ngapi, na umejuaje? Hapo maelezo huisha.

Kuonyesha kwamba mtandao unafanya kazi ni jukumu la aliyeujenga. Mpimaji huajiriwa kwa sababu anajua mtandao unavyoharibika, unavyorudi na unavyochelewa kurudi, na anaweza kuitetea kila namba anayoitaja. Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua hadi upate ripoti moja yenye namba za aina hiyo. Unachukulia kwamba unaifahamu Linux kiasi cha kuhariri faili na kusoma logi.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Kompyuta. Tafuta yenye RAM ya GB 16, SSD yenye nafasi ya GB 100, na prosesa yenye kori nne au zaidi. Ukinunua iliyotumika Kariakoo, usilipe kabla ya kuiwasha kwa flashi yenye Linux na kuandika `grep -c avx /proc/cpuinfo`. Jibu likiwa sifuri, iache hata kama bei inavutia. MongoDB kuanzia toleo la 5.0, ambayo ndiyo itakayohifadhi taarifa za wateja wako, haiwaki kwenye prosesa isiyo na AVX (seti ya maelekezo ya ziada ya prosesa), na laptop nyingi za bei nafuu zenye prosesa za Celeron ziko katika kundi hilo. Rudia kipimo hicho ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) pia, kwa kuwa wakati mwingine prosesa ina AVX lakini programu ya mashine pepe inaificha.

Umeme. Laptop yenye betri nzima inatosha. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS. Umeme ukikatika katikati ya mfululizo wa majaribio, mfululizo wote hutupwa, kwa sababu hutaweza kutenganisha hitilafu uliyoipanga na ile iliyoletwa na TANESCO.

Programu. Utahitaji Ubuntu Server 22.04, VirtualBox, Open5GS (kiini cha mtandao), UERANSIM (mnara na simu za kuigiza), k3s (Kubernetes nyepesi, yaani mfumo wa kuendesha kontena, programu zilizofungashwa, kwenye mashine nyingi), tcpdump, Wireshark, chrony na Python. Zote hupatikana bure. Pakua kila kitu mara moja mahali penye intaneti ya uhakika na uhifadhi nakala, la sivyo bando litaisha kwa kupakua kifurushi kilekile kila unapoharibu mashine.

Mipaka ya kisheria. Majaribio yote yabaki ndani ya kompyuta yako. UERANSIM haitoi mawimbi ya redio, hivyo haihitaji leseni ya masafa. Ukiunganisha kifaa cha redio na kurusha mawimbi, umeingia katika eneo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na unahitaji kibali. Usitumie msimbo wa nchi 640, ambao ni wa Tanzania. Tumia 999/70, unaokuja na Open5GS. Usijaribu chochote kati ya haya kwenye mtandao unaohudumia watu bila idhini ya maandishi ya mwenye mtandao, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitambui udadisi kuwa utetezi.

## Hatua ya 1: Simamisha mtandao bila wingu lolote

Anza na mashine pepe mbili tu. Ya kwanza iwe na Open5GS na MongoDB, ya pili iwe na UERANSIM. Wengi hukimbilia Kubernetes siku ya kwanza, kisha simu inapokataa kusajiliwa hawajui kama kosa liko kwenye ufunguo wa SIM, kwenye kontena au kwenye mtandao wa ndani wa nodi (mashine moja ya Kubernetes). Jenga tabaka moja, lithibitishe, ndipo uongeze la pili.

Katika `/etc/open5gs/amf.yaml`, badilisha anwani ya NGAP (mazungumzo ya mnara na AMF) kutoka 127.0.0.5 iwe anwani halisi ya mashine. Katika `upf.yaml`, faili ya UPF inayopitisha data ya simu, badilisha anwani ya GTP-U (njia ya data hiyo kati ya mnara na UPF) kutoka 127.0.0.7 vivyo hivyo. Usipofanya hivyo, mnara ulio kwenye mashine nyingine hautaifikia AMF wala UPF. Sajili mteja mmoja kwa namba ya IMSI (utambulisho wa SIM), ufunguo na OPc (siri ya uthibitisho iliyokokotolewa kutoka OP na ufunguo) zilezile zilizomo katika faili ya simu ya UERANSIM.

Mafanikio yanaonekana kwenye logi kwa mpangilio huu: mnara unaandika `NG Setup procedure is successful`, simu inaandika `Initial Registration is successful`, kisha `PDU Session establishment is successful`, na kiolesura `uesimtun0` kinapata anwani ya 10.45.x.x.

Ukikwama, tazama umekwamia wapi. Mnara ukishindwa kujiunga, chunguza SCTP (itifaki inayobeba NGAP) kwanza, kwa kuwa AMF husikiliza kwenye SCTP lango 38412 na baadhi ya Ubuntu nyepesi huja bila moduli hiyo. `sudo modprobe sctp` itakueleza. Simu ikikataliwa wakati wa uthibitisho, mara nyingi umeweka OP mahali pa OPc. Simu ikisajiliwa lakini intaneti haipiti, washa `net.ipv4.ip_forward` na uongeze kanuni ya NAT kwa mtandao wa 10.45.0.0/16.

## Hatua ya 2: Hamishia kiini kwenye nodi kadhaa

Sasa tengeneza mashine pepe tano: moja ya usimamizi, tatu za kazi (tuziite kazi1, kazi2 na kazi3), na moja ya kupimia. Mashine ya usimamizi ipewe GB 2.5 za RAM na nyingine GB 2 kila moja. Sakinisha k3s bila Traefik ili kuokoa RAM. MongoDB ikae kwenye mashine ya usimamizi, nje ya majaribio ya mwanzo.

UERANSIM na skripti zote za kupimia zikae kwenye mashine ya tano, nje ya klasta (kundi la nodi za Kubernetes). Kifaa cha kupimia hakiruhusiwi kufa pamoja na kinachopimwa. Inaonekana dhahiri ikisemwa, lakini ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika maabara za wanaoomba ushauri: simu ya kuigiza inakaa kwenye nodi ileile inayozimwa, halafu ripoti inasema hakuna paketi iliyopotea kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuhesabu.

Tengeneza picha moja ya kontena kutoka Ubuntu yenye kifurushi cha Open5GS, kisha kila podi (kifungashio cha kontena katika Kubernetes) iendeshe kazi moja tu: `open5gs-amfd` kwenye podi yake, `open5gs-smfd` yake, `open5gs-upfd` yake, na kadhalika. AMF, SMF (msimamizi wa vikao vya data) na UPF zitumie mtandao wa nodi moja kwa moja. Hapa kuna mitego minne.

SMF na UPF zote hutaka lango 8805 la PFCP (mazungumzo ya SMF na UPF) na 2152 la GTP-U, hivyo haziwezi kukaa nodi moja. AMF na SMF hugombania 7777, kwa hiyo moja ipewe lango jingine. Podi inayotumia mtandao wa nodi haitapata majina ya ndani ya klasta mpaka uweke `dnsPolicy: ClusterFirstWithHostNet`. Na UPF inahitaji ruhusa ya NET_ADMIN pamoja na `/dev/net/tun`.

Anwani za nodi usiziandike kwa mkono ndani ya faili za AMF na UPF. Zichukuliwe kutoka `status.hostIP` podi inapowaka, kwa sababu baadaye podi itahamia nodi nyingine. Faili ya SMF iorodheshe anwani za kazi2 na kazi3 zote mbili kuwa mahali UPF inapoweza kupatikana. AMF na SMF zikae kazi1, UPF ikae kazi2, na kazi3 ibaki wazi ikisubiri.

Hatua hii imekamilika pale simu inapopata tena `uesimtun0` kama ilivyokuwa katika hatua ya 1, huku `kubectl get pods -o wide` ikionyesha kila podi mahali pake.

## Hatua ya 3: Andaa rula yako

Kabla ya kuvunja kitu, hakikisha unachopimia kinaaminika.

Sawazisha saa za mashine zote kwa chrony. Mashine pepe iliyosimamishwa kisha kuendelezwa huchelewa saa, na logi za nodi mbili zenye tofauti ya sekunde tatu zitakudanganya kwamba SMF iligundua hitilafu kabla haijatokea.

Weka seva ndogo upande wa pili wa UPF, ndani ya kompyuta yako, na uipige ping hiyo badala ya anwani ya intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ya Tanzania ikazorota. Aliyekuwa akipima UPF yake siku hiyo kwa kupiga ping seva ya nje alikuwa anapima Bahari ya Hindi. Hata siku ya kawaida, ucheleweshaji wa mtandao wa nyumbani hubadilika kiasi cha kufunika unachokitafuta.

Amri ya msingi ni hii:

`sudo ping -D -O -i 0.1 -I uesimtun0 ANWANI_YA_SEVA`

Hutuma paketi kumi kwa sekunde na kuandika muda wa kila moja. Paketi 87 zikikosekana mfululizo, huduma ilikatika kwa takribani sekunde 8.7, na kosa la kipimo ni karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Andika kosa hilo kwenye ripoti. Msaili mzoefu ataliangalia kabla ya namba yenyewe.

Kisha iache maabara ikimbie saa nzima bila kuiguza. Paketi zikipotea katika saa hiyo, tafuta sababu kwanza. Mara nyingi ni RAM iliyokwisha na kompyuta kuanza kutumia diski. Bila saa hiyo tulivu, kila hitilafu utakayoiona baadaye itakuwa na washukiwa wawili.

## Hatua ya 4: Andika unachotarajia, kisha vunja

Kwa kila jaribio andika kwanza, kwa sentensi moja, unachotarajia kitokee na kwa nini. Jaribio lisilo na matarajio haliwezi kukushangaza, na mshangao ndio unaokufundisha mfumo.

Mfano wa matarajio yenye msingi: NRF (orodha ambamo sehemu za kiini hutafutana) ikifa, simu iliyo na kikao itaendelea kupata data, kwa kuwa data hupita kwenye mnara na UPF peke yake, lakini simu mpya inaweza kukataliwa, kwa kuwa AMF hutegemea NRF kuzipata AUSF (mthibitishaji wa simu) na SMF. UPF ikifa, data itakatika papo hapo, ingawa simu itaendelea kujiona imesajiliwa. Tofauti hiyo ya upande wa udhibiti na upande wa data ndiyo uti wa mgongo wa majaribio yote yanayofuata.

### Kuua mchakato

Usitumie `kubectl delete pod`. Amri hiyo ni ya kistaarabu: hutuma ishara ya kufunga na kusubiri hadi sekunde 30 programu ijiage. Hitilafu halisi haina adabu hiyo. Ingia kwenye nodi na uandike `sudo pkill -9 open5gs-upfd`, kisha tazama ping.

Kontena itawashwa tena pale pale, na huenda ikawa hai ndani ya sekunde mbili. Lakini kuwa hai si sawa na kuhudumia. UPF iliyozaliwa upya haina kumbukumbu ya vikao. Ni lazima SMF igundue, kupitia ujumbe wa PFCP wenye muhuri wa muda wa kuanza upya, kwamba upande wa pili umesahau kila kitu, na vikao virudishwe au viundwe upya. Kwa hiyo rekodi muda wa aina mbili: muda hadi podi iwe tayari, na muda hadi ping ijibu. Tofauti kati yao ndiyo habari. Dashibodi nyingi huonyesha rangi ya kijani kwa namba ya kwanza huku mteja akiishi ndani ya namba ya pili.

Onyo: usiue mchakato uleule haraka haraka ili kukusanya sampuli. Kubernetes huongeza muda wa kusubiri kila kontena inapokufa, kuanzia sekunde 10, kisha 20, kisha 40, hadi dakika 5, na husahau tu baada ya kontena kukimbia vizuri kwa dakika 10. Ukipuuza hilo, jaribio lako la sita litaonyesha mtandao mbovu ambao wewe mwenyewe umeutengeneza.

Kwa AMF, tazama pia tabia ya mnara. Ikiwa UERANSIM haijiungi tena yenyewe baada ya SCTP kukatika, iwashe upya kwa skripti na uandike muda huo katika safu yake peke yake. Udhaifu wa kifaa cha kupimia usiingie kwenye hesabu ya mtandao.

### Kuzima nodi nzima

Hili ndilo jaribio lenye faida kubwa kuliko yote. Zima kazi2 kwa nguvu kutoka kompyuta mama: `VBoxManage controlvm kazi2 poweroff`. Usiizime kwa amri ya ndani, kwa sababu nodi inayoaga vizuri hupata nafasi ya kufunga miunganisho yake.

Wanaojaribu kwa mara ya kwanza hutarajia UPF ihamie kazi3 ndani ya sekunde chache. Haitahama. Kubernetes husubiri sekunde 40 hadi 50, kutegemea toleo, kabla ya kuitangaza nodi kuwa haipatikani. Kisha kwa mpangilio wa kawaida kila podi huvumiliwa sekunde 300 zaidi kabla ya kuondolewa. Jumla ni angalau sekunde 340.

Linganisha na ahadi za sekta hii. Upatikanaji wa asilimia 99.999, unaotajwa sana katika mawasiliano, unaruhusu takribani sekunde 315 za kukatika kwa mwaka mzima. Nodi moja ikifa mara moja, mpangilio wa kawaida wa Kubernetes unamaliza bajeti ya mwaka na kubaki na deni. Programu ya wingu iliundwa ikifikiria tovuti, ambako nakala nyingine ya seva huchukua ombi linalofuata na mtumiaji hajui lolote. Kikao cha simu kimefungwa kwenye anwani ya UPF moja mahususi, na anwani hiyo ikifa kikao hufa nayo.

Punguza `tolerationSeconds`, yaani zile sekunde 300 za uvumilivu, hadi 10 kwa hali zote mbili, `not-ready` na `unreachable`, kisha rudia. Muda utashuka sana, na sehemu kubwa ya kinachobaki itakuwa ule muda wa kugundua.

Usiishie hapo, kwa maana kila dawa ina madhara yake. Isimamishe kazi2 kwa dakika moja na nusu kwa `VBoxManage controlvm kazi2 pause`, kisha iendeleze kwa `resume`. Huku ni kuigiza nodi iliyoganda, isiyo hai wala mfu. Huenda ukakuta UPF mbili zikiamini kila moja kwamba ndiyo yenye kazi. Rekodi zilidumu pamoja kwa muda gani na simu iliifuata ipi. Msaili akikusikia ukieleza jaribio hili, maswali ya ngazi ya chini huishia hapo.

Jambo jingine la kukumbuka: kama uliiweka UPF katika StatefulSet badala ya Deployment (njia mbili za Kubernetes za kusimamia podi), podi mpya haitaundwa kabisa mpaka ile ya zamani ithibitishwe kufa, na nodi iliyozimwa haiwezi kuthibitisha chochote.

### Kuharibu njia bila kuikata

Kiungo kinachopoteza paketi chache husumbua zaidi ya kilichokatika, kwa sababu hakuna kengele inayolia. Kwenye kazi1 andika `sudo tc qdisc add dev eth0 root netem delay 100ms 20ms loss 1%`, ukibadilisha jina la kiolesura lilingane na lako. Ongeza upotevu hatua kwa hatua: 1, 3, 5, 10. Katika kila kiwango, sajili simu ishirini na upime muda wa kila usajili. Unatafuta kiwango ambacho usajili unaacha kuchelewa na kuanza kushindwa. Baada ya jaribio iondoe kanuni hiyo kwa `tc qdisc del`, na uweke kuondoa huko ndani ya skripti; kanuni iliyosahaulika huharibu matokeo ya siku nzima.

## Hatua ya 5: Pima dhoruba ya kurudi

Mtandao ukirudi, simu zote hurudi kwa pamoja, na kurudi huko kunaweza kuuangusha tena. Tarehe 2 Julai 2022, kampuni ya KDDI ya Japani ilianza na kosa la mpangilio wa ruta wakati wa matengenezo. Simu zilipojaribu kujisajili tena kwa wingi, msongamano ukazifikia mashine za sauti na hifadhidata ya wateja, na hitilafu ikadumu zaidi ya saa 60.

Igiza hali hiyo kwa `nr-ue -c open5gs-ue.yaml -n 200`, ukiwa umesajili wateja 200 kwenye hifadhidata. Zizime zote, ua AMF, kisha ziwashe zote kwa pamoja. Chora idadi ya simu zilizosajiliwa kwa kila sekunde. Hapa MongoDB isiachwe nje: fuatilia mzigo wake, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayechoka kwanza.

Soma pia viwango vya simu yenyewe katika waraka wa 3GPP (shirika la viwango vya simu) TS 24.501. Simu hungoja sekunde 15 kupata jibu la ombi la usajili, hujaribu tena baada ya sekunde 10, na ikishindwa mara tano huanzisha kipima muda T3502 ambacho kwa kawaida ni dakika 12. Maana yake ni kwamba hitilafu ya dakika tatu ndani ya kiini inaweza kuwa ya robo saa mkononi mwa mteja wa Mbagala, ambaye simu yake imekata tamaa kwa muda. Ripoti inayohesabu dakika tatu tu ni sahihi kwa seva na ni potofu kwa mteja.

## Hatua ya 6: Rudia mpaka namba iwe na uzito

Jaribio moja ni tukio tu. Andika skripti ya Python inayofanya mzunguko mzima: hakikisha hali ni nzuri, anza ping, vunja, subiri, rekodi, rudisha hali ya awali, subiri zaidi ya dakika 10, anza tena. Iache ikimbie usiku.

Kuna kanuni rahisi ya takwimu ambayo kila mpimaji anapaswa kuijua. Ukifanya majaribio N bila kushindwa hata mara moja, unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba uwezekano wa kushindwa hauzidi takribani 3 gawanya kwa N. Majaribio 30 yasiyo na dosari bado yanaruhusu mfumo unaoshindwa mara moja katika kila mara kumi. Ili kudai chini ya asilimia 1, unahitaji majaribio 300. Ndiyo maana mkono hautoshi na skripti ni lazima.

Toa muda wa kati (median) na muda mbaya kuliko wote, na usiridhike na wastani. Wastani wa sekunde 9 unaweza kuficha mara mbili ambazo mteja alisubiri dakika nne, na hizo mbili ndizo zitakazoleta malalamiko.

Kisha geuza sekunde kuwa lugha ya mkataba. Chukua mfano huu: hitilafu hutokea mara tatu kwa mwezi na kila moja hudumu sekunde 90. Kwa mwaka ni mara 36, yaani dakika 54. Asilimia 99.99 inaruhusu dakika 52.6. Mtandao huo umekosa ahadi kwa chini ya dakika mbili, na kupunguza urejeshaji hadi sekunde 85 kunatosha kuuvusha. Meneja ataielewa hesabu hiyo haraka kuliko grafu yoyote.

## Hatua ya 7: Andika ripoti na uipeleke sokoni

Ripoti isizidi kurasa sita. Iwe na mchoro wa maabara, matoleo kamili ya kila programu, jedwali la majaribio likiwa na matarajio kando ya matokeo, kosa la kipimo, na ukurasa mmoja wa yale ambayo maabara haiwezi kuyathibitisha. Ukurasa huo usiuone aibu. UERANSIM haina tabaka la redio, hivyo huwezi kusema lolote kuhusu mawimbi. Nodi zako zote ziko kwenye kompyuta moja, hivyo hitilafu ya diski huzigusa zote. Anayeyasema haya kabla ya kuulizwa huaminiwa katika mengine.

Ambatisha skripti na faili za YAML ili mwingine aweze kurudia. Ukiambatisha faili za tcpdump, ziwe na IMSI za kuigiza pekee. Siku utakapopata kazi na kushika faili za mtandao halisi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 itakuhusu wewe binafsi.

Kwenye wasifu wa kazi, ondoa mstari unaosema "uzoefu wa 5G na Kubernetes". Weka matokeo: ulichovunja, mara ngapi, muda wa urejeshaji kabla na baada ya marekebisho yako. Wapelekee waendeshaji wa mitandao, kampuni za vifaa kama Ericsson, Huawei, Nokia na ZTE, na pia benki na watoa huduma za fedha kwa simu, ambao mifumo yao huhitaji upimaji wa aina hiyohiyo na ambao waombaji wengi huwasahau. Mwenye shahada ya uhandisi ajisajili mapema na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu na aulize kuhusu mpango wa SEAP, unaowaweka wahitimu chini ya wahandisi wazoefu, kwa sababu usajili wa ngazi ya juu hudai uzoefu uliosimamiwa na kuandikwa.

Siku ya usaili, nenda na laptop yenye maabara ikiwa imewashwa na betri imejaa. Ukiulizwa swali la AMF, omba dakika tano, fungua terminali mbili kando kwa kando, moja ya ping na moja ya logi, mwambie msaili achague mwenyewe mchakato wa kuuawa, na umweleze unachotarajia kabla hajabonyeza kitufe.